Doa kwenye silaha mpya: mwongozo kamili wa kulikagua, kulidai na kulirekebisha

Kwenye silaha mpya, mahali dosari ilipo ni jambo zito kuliko ukubwa wake. Mkwaruzo wa sentimita tano ubavuni mwa slaidi ya bastola (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele) unaudhi, lakini hauzuii kitu: risasi itatoka na kwenda ilikoelekezwa. Kovu lisilozidi punje ya chumvi kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu wa raifo ni habari nyingine. Hapo ndipo risasi inapoachana na mtutu, na gesi ikitangulia kuponyoka upande mmoja, risasi husukumwa kando na shabaha hutawanyika. Muuzaji anaweza kuziita zote mbili "alama ndogo tu". Wewe usikubali jina hilo mpaka umekagua mwenyewe.

La pili ni mpangilio wa hatua. Wanunuzi wengi hunyimwa haki yao hata kama dai lao ni zuri, kwa sababu walianza na la mwisho: walikwenda kupiga risasi kwanza, ndipo wakalalamika; au walisugua doa kwa mafuta na kitambaa, ndipo wakakumbuka kupiga picha. Ukishafyatua, muuzaji ana haki ya kuuliza kama alama hiyo haikutokana na matumizi. Ukishasugua, ushahidi umekwenda na kitambaa. Kwa hiyo fuata hatua hizi kama zilivyopangwa.

Kwanza kabisa, hakikisha haina risasi

Kwamba silaha ni mpya si uthibitisho kwamba chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, ni tupu. Elekeza mdomo wa mtutu upande ulio salama, kidole kikae nje ya triga. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndipo ufungue chemba. Ukigeuza mpangilio huo, yaani ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unaweza kuitoa risasi moja na papo hapo ukaingiza nyingine, ukabaki unaamini kwamba silaha ni tupu. Chemba ikishafunguka, itazame penye mwanga, kisha iguse kwa ncha ya kidole. Kwenye bunduki yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, angalia na bomba hilo. Kwenye rivolva, fungua silinda uangalie tundu moja baada ya jingine.

Risasi zote zikae chumba kingine muda wote wa ukaguzi. Ukiiweka silaha chini ukaenda kupokea simu, ukirudi anza upya kuhakikisha. Kazi yote inayofuata itakutaka uishike, uigeuzegeuze na uchungulie sehemu ambazo kwa kawaida huweki uso wako karibu nazo, ndiyo maana sitaki hatua hii ipitwe juu juu.

Ukiwa bado dukani

Wakati bora wa kuona dosari ni kabla hujalipa na kabla hujaweka sahihi. Silaha hutambuliwa kwa namba yake, na namba hiyo ikishaandikwa kwenye leseni au kwenye daftari la usajili chini ya jina lako, kuibadilisha si kama kurudisha shati. Silaha nyingine ina namba nyingine, na namba nyingine ina maana ya karatasi nyingine, mara nyingi na kibali kingine. Ndiyo maana wauzaji wengi hukataa kabisa kuipokea tena silaha ikishavuka kaunta, hata ile ambayo haijafyatuliwa.

Omba uitazame penye mwanga mzuri, nje ya sanduku na nje ya mfuko wake wa plastiki. Uliza waziwazi: hii ndiyo iliyokuwa kwenye kabati la maonyesho, au imetoka stoo ikiwa imefungwa? Ya maonyesho imeshikwa na mikono mingi na imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Si mbaya, lakini bei yake izungumzwe.

Tazama vichwa vya skrubu. Skrubu ya kiwandani huwa na mfereji safi wenye kingo kali. Mfereji ukiwa umechubuka au umepanuka, kuna mtu aliyeifungua kwa bisibisi isiyoitosha, na silaha hiyo huenda ilishauzwa ikarudishwa. Kwenye bastola za muundo wa 1911 (muundo wa Marekani ulioitwa kwa mwaka huo) tazama pia chini ya wenzo wa kuzuia slaidi, upande wa kushoto wa fremu, yaani mwili wa bastola. Mkwaruzo wa upinde hapo ni alama ya mtu aliyeirudisha pini ya wenzo huo kwa kuiburuza juu ya fremu. Ukiuona dukani, useme hapohapo. Ukiupeleka baada ya wiki, watakuambia umeuweka wewe mwenyewe, na hutakuwa na la kujibu.

Isome alama kabla hujaiita kasoro

Sehemu hii ndiyo ndefu kwa sababu malalamiko mengi huishia hapa. Alama nyingi zinazomshtua mnunuzi ni za kawaida, na ukizidai unajiharibia jina kwa muuzaji ambaye kesho utamhitaji kwa jambo la kweli.

Masizi ndani ya mtutu, kwenye uso wa silinda au karibu na chemba si dalili kwamba umeuziwa silaha kuukuu. Viwanda hufyatua risasi chache kujaribu silaha kabla ya kuiuza. Katika nchi wanachama wa C.I.P., chombo cha kimataifa cha upimaji wa silaha kilichoanzishwa mwaka 1914 huko Liège, Ubelgiji, sheria inataka kila silaha ya kiraia ijaribiwe kwa risasi zenye shinikizo linalozidi kiwango cha juu cha kawaida, ndipo igongwe mihuri. Uingereza kazi hiyo ni ya kale zaidi: nyumba ya upimaji ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ile mihuri midogo ya herufi na taji iliyogongwa kwenye mtutu au chemba, ambayo wengine huiona kama makovu, ndiyo ushahidi kwamba silaha yako imepita mtihani.

Mstari mwembamba unaozunguka silinda ya rivolva hutokana na kifungio kinachoigusa inapozunguka. Utaukuta kwenye rivolva mpya, na utazidi kuonekana kadiri unavyoitumia. Vivyo hivyo sehemu ya juu ya mtutu wa bastola karibu na chemba, na zile reli slaidi inamopita: rangi huchubuka mapema kwa sababu chuma kinasuguana na chuma. Ukifungua slaidi ukakuta mistari ya mashine ndani, mahali pasipoonekana wala pasiposuguana, kiwanda hakikuona sababu ya kupalainisha. Hilo si la kudai.

Rangi kutolingana ni jambo linalohitaji maelezo kidogo. Ile rangi ya bluu-nyeusi ya chuma si rangi ya kupaka. Ni ngozi nyembamba ya oksidi ya chuma inayoota juu ya chuma chenyewe kikipikwa kwenye chumvi kali za moto, kwa kawaida nyuzi 135 hadi 150 za Selsiasi. Chuma chenye silikoni nyingi, na mara nyingi chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, hutoka kikielekea zambarau au wekundu wa zabibu, wakati mwingine baada ya miaka. Alumini nayo, ambayo rangi yake hupatikana kwa njia ya umeme ndani ya asidi, hupokea rangi kulingana na mchanganyiko wake, hivyo kipande cha juu na cha chini cha raifo moja vinaweza kutofautiana kidogo. Tofauti hiyo haipunguzi nguvu wala kinga. Ikikukera unaweza kuomba ibadilishwe, ila jua kwamba kiwanda kingi kitasema iko ndani ya kiwango. Kitako cha mbao na kipande cha mbele kutofanana rangi hakuna hata anayebishana nako. Mti haukui kwa rangi moja.

Kwenye fremu za polima (plastiki ngumu) utaona mstari ulioinuka kidogo unaopita katikati kwa urefu. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Utaona pia vibonde vidogo mahali ambapo plastiki ni nene, kwa sababu huko hupoa na kusinyaa kwa kuchelewa. Vyote ni vya kuzaliwa navyo.

Sasa zile ambazo hazikubaliki hata zikiwa ndogo. Ufa wowote, popote: kwenye fremu, kwenye slaidi, kwenye shingo ya kitako cha mbao. Kovu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Vishimo vya kutu ndani ya mtutu au ndani ya chemba. Uvimbe kwenye mtutu, ambao huonekana ukiushika uelekee dirishani ukatazama mwanga unavyotembea juu yake: ukiona pete ya kivuli ndani ya mtutu au mwanga unapinda nje yake, kuna tatizo. Kilengeo kilichoinamia upande mmoja. Namba ya silaha isiyosomeka au isiyolingana na karatasi zako. Hizi si dosari za urembo. Ukikuta mojawapo, usifyatue hata risasi moja, na hapa kwenye mwongozo ruka moja kwa moja hadi kwenye picha na barua.

Vipimo vitano vya mezani

Unahitaji tochi, kitambaa cheupe cha pamba, mafuta mepesi ya silaha, karatasi na ukucha wako.

Anza na tochi. Usimulike kwa juu, ilaze pembeni karibu usawa na uso wa chuma, mwanga uteleze. Mkwaruzo, mbonyeo na ufa vyote vitatupa kivuli, wakati doa la mafuta makavu halitatupa kitu.

Kisha ukucha. Upitishe juu ya mstari kwa kuukata, si kwa kuufuata. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo umeishia kwenye rangi. Ukikwama, umeingia kwenye chuma, na hakuna kitambaa kitakachouondoa.

Kwa mstari unaoshuku kuwa ni ufa, paka tone la mafuta, subiri dakika kadhaa, futa pakauke kabisa, kisha tazama. Ufa hunywa mafuta na kuyatema polepole, hivyo uzi mwembamba wa unyevu utarudi palepale. Mstari wa kalibu au mkwaruzo hautarudisha kitu. Kwenye polima, ikunje sehemu hiyo kwa vidole kwa upole. Ufa hufunguka, mstari wa kalibu haufunguki. Kipimo hiki kifanye baada ya picha, kwa sababu mafuta hubadilisha mwonekano.

Rangi ya hudhurungi inatatiza kwa sababu inaweza kuwa kutu, na inaweza kuwa grisi ya kuhifadhia iliyokauka. Baada ya kupiga picha, gusa kwa kona ya kitambaa cheupe yenye mafuta. Grisi hulainika ikatoka ya manjano na kunata, na chini yake chuma ni safi. Kutu hutoka nyekundu ya udongo, na chini yake chuma hubaki na ukwaru.

Karatasi ni ya raifo tu. Raifo nyingi mtutu wake haugusi mbao wala plastiki ya mbele, umeachwa uelee makusudi ili ukipata joto usisukumwe. Pengo unaloliona hapo si uzembe. Pitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na kitako kuelekea nyuma. Ikiwa kiwanda kinasema mtutu unaelea, na karatasi inapita upande mmoja lakini inakwama upande wa pili, kitako kinaugusa mtutu, na hilo huhamisha shabaha mtutu unapopata joto. Hapo unadai kasoro ya kazi, na dai la namna hiyo lina uzito zaidi ya lile la urembo.

Picha zinazoweza kusimama zenyewe

Piga kabla hujasafisha. Tumia mwanga wa dirishani, si wa kimulimuli cha simu, kwa sababu kimulimuli hurudi kutoka kwenye chuma kama doa jeupe na kufunika hicho unachotaka kionekane. Weka kitambaa cha rangi moja chini. Piga picha ya silaha nzima pande zote mbili, chemba ikiwa wazi na magazini imetolewa. Ya dosari kwa umbali wa mkono. Na ya karibu, rula ikiwa kando yake. Ya karibu irudie mara kadhaa ukiizungusha silaha kidogo, maana mkwaruzo unaopotea kwenye pembe moja hung'aa kwenye nyingine.

Piga pia sanduku, lebo yake na sifongo ya ndani. Alama kwenye sifongo inayolingana na mkwaruzo inaonyesha kwamba silaha iliumia njiani, na hapo anayedaiwa huenda akawa msafirishaji. Namba ya silaha ipige kwenye picha ya peke yake, na picha hiyo impate muuzaji au kiwanda tu. Usiisambaze kwenye makundi ya simu kuomba ushauri. Namba yako mikononi mwa watu usiowajua ni mlango wa ulaghai.

Kuna dosari moja isiyosubiri majibu, nayo ni kutu. Ukishaipiga picha ya kutosha, ipake mafuta mara moja ili isisambae, na uandike kwenye barua kwamba umefanya hivyo na siku uliyofanya. Silaha usiiache ndani ya sifongo ya sanduku lake wakati unasubiri. Sifongo hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma.

Kuandika barua

Piga simu ukitaka, lakini kinachobaki ni maandishi. Soma kwanza karatasi ya dhamana. Nyingi hufunika kasoro ya malighafi na ya utengenezaji, na huacha nje uchakavu wa kawaida na chochote kilichobadilishwa na mwenye silaha. Kwa dosari za urembo, baadhi hutaka ziripotiwe kabla ya kutumika, na wengine huweka ukomo wa siku chache. Kwa hiyo andika siku ileile ukiweza.

Muuzaji ndiye wa kwanza kuandikiwa, kiwanda ni cha pili, isipokuwa karatasi ya dhamana iseme vinginevyo. Barua iwe fupi na isiwe na hasira. Mfano:

"Ndugu, nilinunua kwenu bastola (aina na namba ya risiti) tarehe (…). Nilipoikagua siku hiyohiyo nilikuta mkwaruzo wa sentimita mbili upande wa kulia wa slaidi, nyuma ya tundu la kutolea maganda. Umeingia kwenye chuma. Silaha haijafyatuliwa wala kusafishwa tangu niichukue. Nimeambatisha picha sita na nakala ya risiti. Naomba slaidi ibadilishwe au ipakwe upya kiwandani kwa gharama yenu. Namba ya silaha nitaitoa mtakapoihitaji. Nategemea majibu yenu kwa maandishi."

Tazama kilichomo: mahali, kipimo, hali ya silaha, na ombi moja lililo wazi. Barua isiyo na ombi hurudishiwa "pole" na ikaishia hapo. Usiandike kwamba silaha ni hatari kama si hatari. Na kama ina ufa, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza, wala usilichanganye na malalamiko ya rangi.

Uombe nini?

Kubadilishiwa silaha nzima ndilo ombi la kwanza linalomjia kila mtu, na mara nyingi ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ya ile namba. Liombe pale ambapo kasoro iko kwenye kipande chenye namba na hairekebishiki. Kwa mengine, fikiria kubadilishiwa kipande. Mpini, kitako, kilengeo, magazini, hivi hubadilishwa bila kugusa usajili mahali pengi. Slaidi na mtutu inategemea: kuna nchi zinazovihesabu kuwa vipande vinavyodhibitiwa na vyenye namba zao, kwa hiyo uliza mamlaka inayotoa leseni kabla hujakubali kutumiwa.

Kupakwa upya kiwandani ni jibu zuri kwa mkwaruzo mkubwa kwenye silaha ya kazi. Kwa silaha ya kutunza, nasita sana. Kupaka upya huanza kwa kusugua, na kusugua hulainisha kingo na kufifisha maandishi yaliyochongwa. Mkusanyaji mzoefu huliona hilo, na thamani hushuka kuliko ambavyo ingeshushwa na mkwaruzo wenyewe. Hapo bora upunguziwe bei.

Punguzo la bei ndilo ombi ninalolipendelea kwa dosari ndogo ya rangi. Silaha inabaki kwako, haiendi kwenye sanduku la msafirishaji kwa majuma, na unapata kitu mkononi. Viwanda vyenyewe huuza kwa bei ya chini silaha zilizotoka na doa la urembo, kwa hiyo ombi lako halitakuwa geni kwao. Wakikubali, soma wanachokuandikia: punguzo lisiwe ndilo la kukufanya uachie dhamana ya silaha nzima.

Ikibidi kuirudisha

Mjulishe muuzaji kabla ya kufika, usiingie dukani umeshika silaha bila taarifa. Isafirishe ikiwa tupu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, risasi zikiwa nyumbani, nawe ukiwa na leseni na risiti. Usiitume kwa posta wala kwa basi kabla hujajua sheria inaruhusu nani atume silaha na kwa njia gani. Mahali pengi ni muuzaji mwenye leseni peke yake anayeruhusiwa, na kosa hapo ni la jinai. Ondoa darubini, mkanda na kila ulichoongeza. Ndani weka nakala ya barua, na dosari izungushie utepe wa karatasi usioacha gundi ili fundi asiitafute. Dai stakabadhi yenye namba ya silaha, kwa sababu muda wote huo wewe ndiye unayetambulika kuwa mmiliki, na ukiulizwa iko wapi lazima uwe na karatasi ya kuonyesha.

Ikirudi, ikague yote upya, si pale tu palipotengenezwa. Linganisha namba na leseni. Hakikisha ni tupu, fungua na ufunge mara kadhaa, jaribu kizuizi cha usalama, tazama kilengeo. Rangi mpya ikiwa imeingia kwenye njia ya kizuizi au kwenye reli, mwendo utakuwa mzito, na hilo linarudi kwao.

Madoa unayoweza kuyashughulikia mwenyewe

Anza kwa kujua vitu visivyoguswa kamwe: namba ya silaha na mihuri, mdomo wa mtutu, ndani ya mtutu, chemba, mteremko unaopandisha risasi kuingia kwenye chemba, na mitambo ya triga. Kusugua karibu na namba kunaweza kuonekana kama jaribio la kuifuta, na hakuna atakayesikiliza kwamba ulikuwa unaondoa mkwaruzo. Na kama bado una dai mezani, usiguse chochote. Ukarabati wa nyumbani mara nyingi hufuta dhamana ya sehemu hiyo.

Mbonyeo kwenye kitako cha mbao ndio unaorekebishika vizuri kuliko dosari zote. Mbao zilizobonyea zimebanwa tu, nyuzi zake hazijakatika, na mvuke huzivimbisha zikarudi. Tenganisha kitako na chuma kwanza, maana mvuke na chuma havipatani. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue, kikunje juu ya mbonyeo, gusa kwa ncha ya pasi ya moto sekunde chache mpaka mvuke utoke, inua, tazama, rudia. Mbao huinuka kidogo kidogo. Acha ikauke hadi kesho yake, sugua kidogo kwa msasa laini kwa kufuata nyuzi, kisha upake mafuta ya kitani au aina iliyotumiwa kiwandani. Njia hii ni ya mbao zilizopakwa mafuta. Vanishi ngumu hugeuka nyeupe kwa mvuke, na kukata nyuzi kwa kisu au msumari hakuinuki kwa mvuke wowote.

Mkwaruzo mwembamba kwenye chuma cha bluu-nyeusi unaweza kutiwa rangi kwa dawa ya baridi. Dawa hizo zina chumvi za seleni na shaba, ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na fungua madirisha. Ondoa mafuta yote kwa spiriti, paka kwa pamba ndani ya mkwaruzo tu, subiri kama chupa inavyoelekeza, suuza, kausha, paka mafuta mengi. Utapata kivuli kinachokaribia, si rangi ileile, na kinga yake dhidi ya kutu ni dhaifu kuliko ya kiwandani. Haifanyi kazi kwenye alumini wala kwenye chuma kisichoshika kutu.

Chuma kisichoshika kutu chenye uso wa mistari husawazishwa kwa pedi ya nailoni ya kusugulia, ukifuata mistari ya kiwanda kwa mwelekeo mmoja bila kurudi nyuma. Pamba ya chuma ya kawaida usiitumie. Huacha chembe zinazoshika kutu, na utadhani silaha yenyewe ndiyo inayooza. Kwenye silaha ya nikeli jihadhari na viyeyushi vyenye amonia, kwani nikeli mara nyingi hupakwa juu ya shaba, na amonia ikipata upenyo hula shaba hiyo na kuibandua nikeli. Dawa za kuondoa kutu zenye asidi, hata siki, huondoa na rangi ya bluu-nyeusi, kwa sababu rangi hiyo nayo ni oksidi ya chuma. Polima iache ilivyo: usiichome, usiiguse kwa asetoni.

Ukiamua kumpelekea fundi silaha apake upya bunduki ya mitutu miwili, muulize swali moja kabla hujamwachia: atatumia njia gani? Mitutu ya namna hiyo mingi imeunganishwa kwa kulehemu kwa madini laini ya risasi, na chumvi za moto hula kiunganishi hicho mpaka mitutu ikaachana. Kazi hiyo inataka njia ya polepole ya kuotesha kutu, kuichemsha na kuisugua, awamu baada ya awamu. Chumvi hizohizo huyeyusha alumini, hivyo fremu ya alumini isitumbukizwe humo. Fundi anayejua kazi atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Akisita, chukua bunduki yako uondoke nayo.

Na kama umeamua kuiacha dosari ilivyo, kwa sababu ni ndogo na silaha ni ya kazi, fungua faili hata hivyo: picha zenye tarehe, barua, majibu, risiti. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma upakwe mafuta kila unaposafisha, kwani pale ndipo kutu itakapoanzia. Piga picha sehemu hiyo tena baada ya miezi michache ya matumizi, kwa mwanga uleule na rula ileile. Mkwaruzo utabaki na urefu wake. Mstari ulioongezeka hata milimita moja ni ufa, na silaha isifyatuliwe tena mpaka fundi ameiona.